Kombe la Kumwachia Mgeni

Wiki hii nawaomba tushuke pamoja hata pwani. Najua wengi wenu hamjaiona bahari kwa macho. Mwaijua kwa chumvi yake na kwa hadithi za waliosafiri. Si kitu. Mambo ya pwani hayawahusu watu wa pwani peke yao, kama mtakavyoona, na habari yenyewe ni ndogo, yatosha kiganjani.

Iko desturi moja iliyoenea huko Marekani katika miaka hii ya karibuni, nayo yanipendeza, ijapokuwa nina neno la kuinung'unikia pia. Mtu huokota makombe matupu ya bahari, akayatengeneza nyumbani kwa mikono yake: hili hulitoboa tundu na kulitia uzi, hili huliandika neno la kumtuliza mtu, mengine huyaunganisha yakawa mfano wa ua au wa ndege mdogo. Kisha hurudi pwani asubuhi na mapema, akayaacha mchangani, moja huku, jingine kule, akaenda zake. Hajui nani atayaokota. Huenda ni mtoto aliyeletwa na wazazi wake kwa siku moja. Huenda ni mjane. Huenda ni mtu aliyekuja kutembea kwa sababu usiku hakupata usingizi. Aliyeacha haoni, wala haambiwi.

Mahali panaposifika sana kwa makombe katika nchi hiyo ni kisiwa cha Sanibel, katika jimbo la Florida. Visiwa vingi vya pwani ile vimelala kaskazini kwa kusini, sambamba na bara. Sanibel kimejipinda, kimelala mashariki kwa magharibi, mfano wa mkono uliokingwa. Basi mawimbi ya Ghuba ya Meksiko yajapo na mizigo yake, kisiwa huipokea. Watu hutembea wameinama tangu alfajiri, hata wenyeji wamekupa jina huko kuinama, kana kwamba ni ugonjwa wa kisiwani. Wana na nyumba ya makumbusho ya makombe, iliyofunguliwa mwaka 1995. Kombe linalotamaniwa kuliko yote ni junonia, jeupe kama maziwa, lenye madoa ya hudhurungi yaliyopangwa safu safu. Mnyama wake hukaa katika kina kirefu, ndiyo sababu kombe lake hufika ufukoni kwa nadra, mara nyingine baada ya dhoruba. Aliyeliokota aliweza kutiwa picha yake katika gazeti la kisiwani. Picha gazetini kwa ajili ya kombe! Lakini tusicheke, sisi nasi twampiga picha mwenye boga kubwa siku ya maonyesho.

Ndugu wa desturi hii ni ile ya mawe. Mwaka 2015 mwanamke mmoja aitwaye Megan Murphy, wa Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, ambaye alikuwa akitembea pwani akiwakumbuka wazazi wake waliofariki, aliandika maneno machache ya kutia moyo juu ya mawe kadhaa, akayaacha pwani. Rafiki yake mmoja akaokota mojawapo, akamwarifu jinsi lilivyomfaa siku ile. Basi akaendelea, na watu wa nchi nyingine wakaiga, wengine kwa mawe, wengine kwa makombe.

Kazi za makombe zenyewe ni za zamani. Katika karne ya 19 mabaharia waliorudi Uingereza na Marekani waliwaletea wake na wachumba wao visanduku vya mbao vyenye pembe nane, vimejazwa makombe madogo sana, mengine kama punje ya mtama, yamepangwa yakafanya maua na mioyo. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mabaharia waliyapanga wenyewe katika safari ndefu, wakiwaza nyumbani. Kumbe, vilipochunguzwa vizuri, ilionekana kwamba vingi vilitengenezwa katika kisiwa cha Barbados, vikauzwa dukani katika mji wa Bridgetown. Ndani ya kimoja chini ya makombe paligunduliwa vipande vya gazeti la huko. Mchumba alimshukuru baharia wake. Mikono iliyopanga punje zile hakuna aliyeiuliza jina.

Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka mingi, nilipomsimulia habari hizi alicheka hata kikohozi kikamshika.

"Mwalimu," akasema, "mwenye njaa hali kombe. Mgeni akija kwangu nampa ugali, na siku ya tatu nampa jembe. Hao wanaowaachia wageni makombe wamekosa kazi."

"Babu," nikamwambia, "lakini mgeni wako umemwona."

"Ndiyo sababu nampa! Nisiyemwona nitampaje?"

Nimelifikiri sana neno lake, maana si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba kombe halishibishi. Tena ni rahisi mno kumtendea wema mtu usiyemjua, ambaye hatakuja kesho kukuomba chumvi, na kumnunia jirani ambaye kila kesho atakuja. Mtu aachaye makombe kumi pwani, naye hajasemezana na nduguye kwa miaka miwili kwa ajili ya mpaka wa shamba, angefaa kuanza na nduguye. Hilo nampa mzee.

Lakini hebu tutazame jinsi sisi tutoavyo. Arusi ikikaribia, au msiba ukitokea, liko daftari, na yuko katibu mwenye kalamu sikioni. Fulani, shilingi elfu tano. Fulani, kuku mmoja na debe la mahindi. Fulani, ameahidi. Majina husomwa kwa sauti, na anayesomwa hujinyoosha kidogo kitini. Mimi silaumu daftari. Daftari ni bima ya maskini: leo nimekuchangia, kesho nitachangiwa, na maandishi yapo. Bila hilo nani angezika mtu wake kwa heshima? Ila mwajua wenyewe kwamba daftari lina upande wake wa pili. Liko kabatini lakungoja. Kila ulichopokea ni deni, na mtu aliyepatwa na mambo makubwa mawili katika mwaka mmoja huweza kuogopa hata kupita mbele ya nyumba za waliomsaidia.

Hapo ndipo nimkumbukapo mama mmoja wa parokia yetu. Nimemwomba ruhusa nisimulie, naye amekubali, mradi nisimtaje jina.

Miaka michache iliyopita mumewe alishikwa na ugonjwa mzito, wakapelekwa Dar es Salaam katika hospitali kubwa, wakakaa huko wiki tano. Mama huyu alikuwa hajapata kuiona bahari. Mchana alikaa na mumewe. Jioni, saa ya kuwatazama wagonjwa ilipokwisha, alikwenda kuketi ukingoni mwa maji, maana palikuwa mahali pekee mjini ambapo hakuna mtu aliyemwuliza anataka nini.

"Mwalimu," aliniambia, "kule kila nilichopewa nilipewa baada ya kuulizwa. Jina? Kadi? Nambari ya simu? Ndugu yako nani hapa mjini? Hata choo kina risiti." Hakusema kwa kulaumu. Alijua kwamba nyumba yenye wagonjwa wengi vile haiwezi kuendeshwa pasipo maandishi. Alikuwa amechoka tu kuandikwa.

Jioni moja akaona juu ya ukuta mfupi wa pwani kombe jeupe, limetobolewa tundu, limetiwa uzi mwekundu. Akadhani kuna mtu amelisahau. Mtu aliyelelewa kijijini haokoti cha mwenziwe. Basi akaketi karibu nalo alilinde hata mwenyewe arudi. Jua likachwa. Akaliacha pale pale. Kesho yake akalikuta, akalilinda tena. Siku ya tatu mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akishona nyavu zake hapo kila jioni, alimwita.

"Binti yangu, wamngoja nani?"

"Mwenye kombe hili, baba."

"Kitu kilichowekwa hivyo," akasema mvuvi, "kimewekwa kiokotwe. Chukua."

Akachukua. Mumewe alifariki wiki iliyofuata. Alirudi nyumbani na maiti, na nyuma yake likaja daftari, naye deni lake amelilipa lote kwa misimu miwili ya mavuno. Kombe lile amelifunga kwenye ufunguo wa nyumba yake, nami nimeliona. Uzi umepauka, na ukingo mmoja umevunjika kidogo. Asema kwamba katika vyote alivyopewa katika safari ile, ndilo pekee asilodaiwa. Wala hajui adaiwe na nani.

Nilipomsimulia jirani yangu mzee habari hii alinyamaza. Kisha akauliza kama uzi ule ulikuwa wa pamba au wa nailoni. Ndivyo alivyo. Lakini swali lake lina maana, nami nitalirudia.

Kwanza niwakumbushe ninyi mkaao bara kwamba kombe si kitu kigeni kwenu. Watemi wa Unyamwezi walivaa kipande cha duara kilichokatwa katika kombe la bahari, nacho kilikuwa alama ya utemi. Katika Buganda ya zamani kauri zilikuwa fedha, zikitungwa mia mia katika uzi mmoja, na mtu aliweza kununua kwa kauri mbuzi, na nguo, na mtu mwenziwe. Ndiyo, na mtu. Mwezi wa Januari 1854 David Livingstone alifika kwa Shinte, mtawala wa Walunda, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-magharibi ya Zambia. Siku za kuagana Shinte alimjia katika hema yake, akaifunga hema ili watu wake wasione ukarimu wake wa kupita kiasi, akatoa katika nguo zake ncha ya kombe, akamtundikia shingoni kwa mkono wake mwenyewe, iwe ushahidi wa urafiki. Waliofuatana na Livingstone wakamweleza thamani yake: makombe mawili ya namna ile yangeweza kununua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa bei nzuri sana ya pembe ya ndovu.

Fikirini, makombe mawili kwa mtu mmoja. Kombe lenyewe halikubadilika tangu siku zile. Konokono wa baharini hulijenga leo kama alivyolijenga wakati ule, kwa chokaa aivutayo katika maji. Lililobadilika ni mkono uushikao uzi wake. Mimi kila nifikiripo bei ile ya Walunda, naona kombe lililoachwa ukutani bure, kwa yeyote apitaye, si jambo la mchezo kama alivyodhani jirani yangu.

Sasa neno langu la kunung'unika. Huyo aachaye kombe kwa mgeni, kombe amelitoa wapi?

Wengi hudhani kwamba kombe lililolala pwani halina mwenyewe. Yuko kaa mmoja mdogo ambaye nyuma yake ni laini kama mnyoo, hakujaliwa gamba la kujifunikia huko. Basi huingia katika kombe tupu la konokono aliyekufa, akalivuta kila aendako. Ndiyo nyumba yake na ndiyo ngao yake. Akikua nyumba humbana, naye hana budi kuhama. Wataalamu wamewatazama kaa hao wakaona jambo la kupendeza sana. Kombe kubwa likitupwa na mawimbi, kaa mmoja hulifikia, akalipima, akaliona kubwa mno kwake. Haendi zake, hungoja hapo karibu. Hufika wa pili, na wa tatu, wakajipanga mstari, tangu mkubwa hata mdogo. Hatimaye akija yule ambaye kombe linamwenea, huingia, na wa pili huingia katika nyumba aliyoiacha wa kwanza, na wa tatu katika ile ya wa pili, vivyo hivyo hata mwisho wa mstari. Jambo lenyewe ni la dakika chache tu. Kwa kombe moja tupu mtaa mzima umehama, kila mtu amepata nafasi, na likabaki mchangani kombe moja tu, dogo kuliko yote. Hao ndio wageni wa kwanza ambao pwani yenyewe huwaachia makombe. Mahali pengi duniani kaa hao wamepigwa picha wamevaa vifuniko vya chupa za plastiki.

Na si kaa peke yao. Kombe likivunjika hugeuka mchanga. Chokaa yake hurudi katika maji, na wanyama wengine huitumia. Majani ya bahari hupata mahali pa kushika, na samaki wadogo mahali pa kujificha. Katika pwani ya Llarga, karibu na mji wa Salou huko Hispania, wataalamu walihesabu makombe kati ya mwaka 1978 na 1981, kisha wakarudi kuhesabu mahali pale pale kati ya mwaka 2008 na 2010. Katika miaka hiyo 30 hivi watalii walikuwa wameongezeka karibu mara tatu, na makombe yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Wala hapakuwa na mtu mmoja aliyeyaiba. Kila mmoja alichukua machache tu ya ukumbusho, na mashine za kusafisha ufuko zikafanya sehemu yake. Hivyo ndivyo kitu cha wote kinavyokwisha. Twalijua jambo hili katika kuni na katika malisho, hakuna haja ya kusafiri hata Hispania kujifunza.

Kuna na jambo baya kuliko hilo. Pwani yetu, katika miji ambako watalii hutembea, huuzwa kauri kubwa zinazong'aa kama sahani ya udongo iliyopakwa mafuta. Mwenye kuzinunua hudhani zimeokotwa. Lakini mnyama wa kauri, akiwa hai, huifunika nyumba yake kwa nje kwa ngozi yake laini, ndiyo maana hung'aa. Akifa, jua na mchanga huifubaza upesi. Basi kauri ing'aayo sana mara nyingi ilichukuliwa na mnyama wake ndani, ikachemshwa au ikafukiwa hata akaoza. Hali kadhalika lile kombe kubwa lililofanyizwa baragumu tangu zamani: mwenyewe akiwa hai hula kile kiti cha pweza chenye miiba kitafunacho matumbawe. Ukimwondoa mlinzi, nani atalinda? Katika Sanibel sheria yakataza kabisa kuchukua kombe ambalo mnyama wake yu hai ndani. Sheria nzuri. Hata mtoto aweza kuifuata, maana haimpasi ila kugeuza kombe na kutazama.

Halafu kuna rangi na gundi. Rangi nyingi ziuzwazo madukani kwa kazi za mikono ni za jamii ya plastiki, na gundi nazo vivyo hivyo. Wengine humwaga na unga ule umetao, ambao mwingi ni plastiki iliyosagwa. Jua na chumvi huzibandua, zikaenda majini, zikaliwa. Huko Marekani watumishi wa mbuga za taifa wamewasihi watu wasiache mawe ya rangi ndani ya mbuga, nao huyaokota na kuyahesabu takataka. Mtu alidhani anaacha zawadi, kumbe ameacha kazi ya kufagia. Zawadi ya namna hiyo mimi siitaki hata kwa jina la wema.

Basi mwalimu, mtaniuliza, kombe liachwe au lisiachwe? Liachwe, lakini kwa akili. Wale wenu mlio na watoto shuleni Bagamoyo, Tanga, Mtwara, au jamaa Lamu na Malindi, wapeni maneno haya machache. Kombe lililosokotwa kama la konokono lisiguswe, kwa maana laweza kuwa nyumba ya kaa leo au kesho. Lile bapa, nusu ya kombe la chaza na jamii yake, ambalo pacha wake amekwisha kupotea, haliwezi kumhifadhi kaa kama lile la kusokota. Hilo laweza kuokotwa, moja au mawili, na si kikapu. Mahali palipotengwa na serikali kuwa hifadhi ya bahari pasiokotwe kitu. Tundu litobolewe polepole kwa ncha ya msumari, kombe likiwa limelowa maji, lisipasuke. Mwenye kutaka kuandika na aandike kwa penseli. Litadumu kiasi cha kusomwa, halafu litafutika lenyewe.

Na uzi uwe wa pamba au wa katani. Jirani yangu mzee ana haki yake: nailoni hudumu baharini miaka na miaka, na ndege hunaswa miguu, na pamba huoza ikaisha.

Liwekwe juu ya mstari wa takataka ambao maji huacha yanapojaa, na wakati wa bamvua liwekwe juu zaidi, kwa kuwa bahari nayo hupokea zawadi bila kuuliza. Ukutani ni pazuri. Juu ya gogo ni pazuri. Jina lisiandikwe. Wako waandikao jina na anwani ili waliookota wawaarifu, na furaha ya kupata jibu naielewa, ni furaha halali. Lakini mama yule wa parokia yetu angekuta jina juu ya kombe lile, naamini angelilipa.

Watoto wa mlimani na wa nyikani, msinilalamikie kwamba nimewasahau. Ninyi mna mbegu nyekundu na nyeusi na kijivu, mna vipande vya vibuyu, mna na majani ya ukindu. Ushanga wa mbegu ukiachwa juu ya jiwe kwenye njia ya gulioni hauna tofauti na kombe la ukutani, illa mjihadhari na mbegu zile nyekundu zenye jicho jeusi: zina sumu kali, zisitobolewe wala zisiachwe mahali ambapo mtoto mchanga aweza kuzitia kinywani.

Nanyi mkaao kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Kirando na Karema hata Kigoma, na ng'ambo huko Burundi na Kongo, mna makombe yenu wenyewe. Chini ya maji yenu, mahali pengi, yamelala makombe ya konokono wa ziwani, maelfu kwa maelfu, yameenea kama changarawe barabarani. Wako samaki wadogo, wengine hawapiti urefu wa kidole, ambao hawana maskani nyingine ila makombe hayo. Humo hulala, humo hutaga, humo hukimbilia adui akitokea. Kwa hiyo mtoto akizamia akayaleta nchi kavu kwa kuchezea, jioni ayarudishe.

Aina moja ya samaki hao ina tabia ambayo wataalamu wamesafiri kutoka Ulaya kuja kuitazama. Dume huokota makombe kwa kinywa chake, moja moja, akayakusanya mahali pamoja hata yakawa lundo. Na ili aweze kuyabeba, ameumbwa mkubwa kuliko jike mara nyingi. Majike huja, kila mmoja akachagua kombe lake, akaingia ndani kutaga na kuwalea watoto. Dume aliyeyabeba yote hubaki nje akilinda. Kwa ukubwa wake ule hawezi kuingia hata katika moja.